"Uzito" wa Uta: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Uwindaji

Katika kazi ya kutafsiri yako maneno ambayo hayampi mfasiri shida yoyote, naye huyapita bila kusimama. Na aghalabu ni hayo hayo yanayompotosha msomaji. Tungependa kulichunguza moja la namna hiyo. Latoka katika elimu ya mata na mishale, elimu ambayo watu wa nchi zetu wameijua tangu kale, lakini ambayo maandishi yake mengi ya siku hizi yameandikwa kwa Kiingereza, hasa cha Marekani. Mwandishi wa huko anapotaka kumshauri mwindaji achague uta wa namna gani, jambo la kwanza analolitaja ni kipimo ambacho lugha yake hukiita kwa maneno mawili: la kwanza lina maana ya kuvuta, la pili lina maana ya uzito. Mfasiri mwenye haraka huandika "uzito wa kuvuta", au kwa kufupisha "uzito wa uta", kisha huyo anakwenda kwenye sentensi inayofuata.

Sisi twaona kwamba istilahi hiyo haifai, wala kasoro yake si ya urembo wa lugha tu. Mtu aweza kuumia kwa ajili yake, mnyama aweza kuteseka, na sheria yaweza kuvunjwa na mtu aliyedhani anaitii.

Tuanze na kitu chenyewe. Uta ni ufito mnyumbufu uliopindwa na kufungwa upote. Mwindaji anapouvuta upote kuelekea shavuni, uta hukataa. Na kadiri anavyozidi kuuvuta ndivyo unavyozidi kukataa. Kipimo tunachokizungumzia ni nguvu inayotakiwa kuushinda ukaidi huo mpaka mahali pa kuachia mshale. Waingereza na Wamarekani huipima kwa ratili. Njia moja nyepesi ya kuipima ni kuulaza uta juu ya kigingi na kuning'iniza mawe ya mizani katika upote mpaka ushuke kwa urefu wa mshale. Mawe yakihesabiwa, kipimo kimepatikana. Hapo ndipo lilipo neno "uzito": ni uzito wa mawe, si wa uta. Uta wa mti ambao kipimo chake ni ratili 50 huenda wenyewe usizidi ratili mbili ukiuweka katika mizani ya duka.

Sasa mtu asiyeijua habari hii akiambiwa atafute uta wenye "uzito wa ratili 50" ataelewa nini? Ratili 50 ni karibu kilo 23, yaani kama robo ya gunia la mahindi. Ama ataona kwamba mwandishi ana wazimu, ama atakwenda kutafuta gogo. Na mwalimu wa fizikia, ambaye ametumia vipindi kadha kuwafundisha wanafunzi kutenganisha tungamo, uzito na kani, ataona kazi yake imevurugwa na sentensi moja ya kitabu cha michezo. Ni kweli kwamba uzito nao ni kani. Lakini ni kani ya dunia kukivuta kitu. Uta hauhitaji dunia ili ukatae kuvutwa. Ungekataa vivyo hivyo hata mwezini.

Tukikubali kwamba "uzito" uondoke, lipi liingie mahali pake? Wako watakaopendekeza "nguvu ya mvuto". Hatuwaungi mkono, kwa kuwa mvuto na mvutano vimekwisha kuchukuliwa katika vitabu vya sayansi kwa habari ya dunia kuvuta vitu, nasi tungekuwa tumemtoa msomaji shimoni na kumtia kisimani. "Kani ya kuvutia" ni sahihi kwa sarufi, maana kiambishi cha kutendea chaonyesha kani inayotumika kuvutia. Walakini tusome sentensi nzima: "mwindaji alikuwa na uta wenye kani ya kuvutia". Hakuna atakayefikiri habari ya ratili. Kila mmoja atadhani uta ulipendeza.

"Mkazo wa upote" ni pendekezo zuri zaidi, na kwa sababu hiyo ni la hatari zaidi. Upote hukazwa tangu uta unapofungwa, hata kabla mkono wa mtu haujaugusa. Na mkazo ulio ndani ya uzi si sawa na nguvu ya mkono unaouvuta uzi huo katikati. Hivyo ni vipimo viwili, na fundi wa kusokota nyuzi anahitaji jina la hicho cha kwanza. Tusimnyang'anye.

Limebaki "ugumu wa uta". Tunalipenda, kwa kuwa ndivyo mtu angesema kwa kinywa chake: uta huu mgumu, huu laini. Libaki katika mazungumzo. Lakini ugumu husema jinsi kitu kilivyo, hausemi kiasi gani na wapi. Na katika vitabu vya sayansi ugumu ni sifa ya jiwe au chuma kisichokwaruzika. Kwa hiyo shauri letu ni "kani ya uta". Kani ni neno kongwe la Kiswahili, lenye maana ya nguvu na ya ushupavu pia, na katika fizikia limekwisha kupewa kazi hii hii. Ratili 50 za uta ni kani ya nyutoni 222 hivi, na hesabu hiyo mwanafunzi wa sekondari ataifanya bila kuuliza swali.

Tumetumia "uta" wala si "upinde" kwa makusudi. Upinde limekuwa neno la mambo mengi, toka milango ya misikiti hata mvua. Uta ni silaha basi, na wingi wake, mata, haumchanganyi mtu. Kadhalika upote, podo, na wano ambalo ni ufito wa mshale, ni maneno yaliyo hai katika kamusi zetu nayo yanangoja kutumiwa. Chembe ya mshale ndiyo tu imepatwa na msiba, maana wanasayansi wameichukua kwa vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na sasa mwandishi wa habari za mishale hana budi kuandika "chembe ya mshale" kila mara. Si hasara kubwa.

Istilahi peke yake, hata hivyo, haitoshi. Kani ya uta haina maana mpaka urefu wa mvuto utajwe. Watengenezaji wa Marekani huandika juu ya uta kani yake katika urefu wa inchi 28, yaani sentimita 71 hivi. Mtu mwenye mikono mifupi, ambaye mvuto wake huishia inchi 26, hapati ratili 50 zilizoandikwa. Kwa mata mengi kila inchi moja ya mwisho huongeza au kupunguza ratili mbili au tatu. Basi yeye ana ratili 44 hadi 46 mkononi, na mshale wake hauendi kama kitabu kilivyomwahidi. Mfasiri anayeacha maneno "katika inchi 28" kwa kuona ni kirefusho kisicho na faida amekata nusu ya kipimo. Tungependa iwe kanuni: kani na urefu viandikwe pamoja, kama vile tarehe isivyoandikwa bila mwezi.

Hapa twafika kwenye neno la pili linalotupa shaka, nalo ni hilo la kufaa. Waandishi huuliza uta upi "unafaa" kwa uwindaji, na mfasiri huona neno limekwisha kupatikana. Lakini chini ya swali hilo moja yamejificha matatu. La kwanza: kani ipi inatosha kumwua mnyama fulani upesi? La pili: kani ipi mtu huyu anaimudu? La tatu: kani ipi inaruhusiwa? Kutosha, kumudu na kuruhusiwa si mamoja, na Kiswahili kinayo maneno yote matatu tayari. Kwa nini tuyafunike kwa "kufaa"?

Tuchukue mfano wa watu wanaojulikana. Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, alitokea katika mji wa Oroville, California, mwaka 1911, akaishi San Francisco hata alipofariki mwaka 1916. Daktari Saxton Pope alijifunza kwake kupiga mishale, akaandika habari zake. Uta wa Ishi ulikuwa na kani ya ratili kati ya 40 na 50 tu, naye kwa uta wa namna hiyo aliwaua kulungu. Lakini alijua kunyemelea, akapiga kwa karibu. Pope na mwenzake Arthur Young walitumia mata yenye kani kubwa zaidi, na mwaka 1925 walikuja Tanganyika kuwinda simba, wakitumia mishale yenye chembe pana za chuma, bila sumu. Mshale wa namna hiyo huua kwa kukata mishipa na kumwaga damu. Lazima uingie ndani, na kuingia ndani kwataka kani ya kutosha, wano zito kiasi chake, na chembe kali kama wembe. Kwao ratili zilikuwa swali la kuua au kujeruhi tu.

Walakini, katika nchi hizi hizi za Afrika Mashariki, hesabu ilikuwa nyingine. Wata wa upande wa Tsavo, ambao vitabu vya zamani huwaita Waliangulu, waliwinda ndovu kwa mata marefu yenye kani iliyozidi ratili 100. Tena mishale yao ilipakwa sumu iliyochemshwa kutoka mti wa msunguti, sumu inayousimamisha moyo. Aliyeua ni sumu. Kazi ya kani ilikuwa kuipitisha sumu hiyo katika ngozi nene mpaka ikutane na damu. Wahadza wa Ziwa Eyasi nao hutumia sumu kwa wanyama wakubwa, na mishale mitupu kwa wadogo. Mfasiri akilichukua shauri la Marekani kuhusu kani "inayofaa" na kuliweka katika makala juu ya Wahadza au Wata bila kusema kwamba kule hakuna sumu, ametafsiri maneno yote na kuiacha habari nyuma.

Kumudu ndiko kunakodharauliwa kuliko yote. Vijana, na hata watu wazima, hupenda kutaja ratili nyingi kama wanavyopenda kutaja mwendo wa magari. Uta usiomudiwa humtetemesha mkono mwenye nao, humfanya aachie kabla ya kufikisha mvuto, na baada ya muda humwumiza bega. Mshale unakwenda kombo. Mnyama anakimbia na jeraha tumboni na kufa baada ya siku mbili kichakani. Ndiyo maana walimu wa mchezo huo humshauri anayeanza ashike kwanza uta laini, apandishe kani kidogo kidogo. Tafsiri ikisema tu kwamba ratili 60 "zinafaa", bila kuonyesha kwamba zamfaa nani, imemshauri vibaya.

Hilo latupeleka kwa neno "jadi". Wamarekani wanaposema uwindaji wa jadi kwa mata hawakusudii desturi za mababu. Wanakusudia uta mrefu, au ule ambao ncha zake zimekunjwa kwenda mbele, usio na mitambo; wanautenganisha na uta wa kapi, ambao Holless Wilbur Allen alipewa hataza yake mwaka 1969. Tofauti hiyo inagusa moja kwa moja habari yetu. Katika uta wa kapi, kani hupanda hata kilele, kisha kapi zinageuka na kani hushuka, hata mwindaji akawa anashikilia sehemu ndogo tu ya ratili zilizoandikwa huku akilenga. Katika uta usio na kapi hakuna kushuka: ratili za mwisho ndizo nyingi kuliko zote, naye anazibeba zote mpaka aachie. Kwa hiyo ratili 60 za mtu huyu si ratili 60 za yule. "Uwindaji wa jadi" katika tafsiri ya namna hiyo utampeleka msomaji wetu Eyasi, ilhali mwandishi yuko Montana. Twapendekeza "uta usio na kapi". Si jina zuri sana, lakini halidanganyi.

Kwa watumishi wa serikali wanaotafsiri sheria, jambo hili lina uzito wake, na hapa neno hilo liko mahali pake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania humtaka mwindaji awe na kibali. Lakini hati za nchi nyingine hutufikia, nazo huweka mpaka wa chini wa kani. Jimbo la Alaska, kwa mfano, hudai ratili 40 kwa kulungu na ratili 50 kwa wanyama wakubwa kama dubu wa kahawia, na kipimo kinachotajwa ni cha kilele. Tungelitafsiri sharti hilo hivi: "Uta wa kuwindia dubu wa kahawia uwe na kani ya kilele isiyopungua ratili 50." Neno "kilele" lisiachwe hata kama sentensi inalemewa. Kwa mwenye uta wa kapi, kilele kiko katikati ya mvuto, naye atakifikia tu. Kwa mwenye uta usio na kapi, kilele ni pale mkono wake unapoishia; na yule bwana wa inchi 26, aliyenunua uta ulioandikwa ratili 50, yumo msituni na ratili 45.