Anamwambia Nani? Nyimbo za Jukwaani katika Albamu ya Barbra Streisand

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Gungu, Kigoma, nikisikiliza The Broadway Album ya Barbra Streisand kwa ajili ya makala haya. Shangazi alikuwa kando yangu anachambua dagaa. Kiingereza hakijui. Zilipopita nyimbo mbili tatu akauliza: "Baba, huyu mama anamwambia nani?" Mwanafunzi mzima wa fasihi nikakosa jibu.

Hilo ni swali la mtu aliyekulia kwenye taarabu. Miaka ya 1990, TOT na Muungano walipopambana kwa mipasho, Khadija Kopa upande wa TOT na Nasma Khamis upande wa Muungano, hadhira ilijua fika kombora linaelekea wapi. Hata aliyeinuka kwenda kumtunza mwimbaji alikuwa na wake aliyemkusudia pale ukumbini.

Tamthilia za muziki za Broadway nazo ndivyo zilivyo. Wimbo ni kauli ya mhusika fulani, katika tukio fulani, na mara nyingi yupo anayeambiwa. Streisand jukwaa analijua. Aliigiza Fanny Brice katika Funny Girl mwaka 1964. Baada ya miaka mingi ya muziki wa pop, mwaka 1985 alizikusanya nyimbo za aina hiyo, nyingi zikiwa na mkono wa Stephen Sondheim. Januari 1986 albamu ikashika namba moja Marekani. Mauzo si hoja yangu. Hoja yangu ni ile ya shangazi.

Chukua "Not While I'm Around" kutoka Sweeney Todd (1979). Jukwaani anayeimba ni Tobias, kijana fukara, akimwahidi Bi Lovett kwamba atamlinda na kila baya. Hajui kuwa mama huyohuyo ndiye anayeoka pai za nyama ya watu wanaochinjwa na kinyozi Todd. Sisi watazamaji tunajua, na ndiyo maana utamu wa wimbo unatutia baridi. Katika albamu Tobias hayupo, pai hazipo, kejeli imekufa. Umebaki wimbo wa kubembelezea mtoto. Sauti ni safi, sikatai. Lakini jamani, usafi wa sauti ndio usanii?

Sasa sikiliza anachokifanya na "Pretty Women" ya tamthilia hiyohiyo. Jukwaani ni wanaume wawili, Todd na hakimu aliyemdhulumu, wanasifu uzuri wa wanawake huku wembe ukipita shingoni mwa hakimu. Streisand anaufuma na "The Ladies Who Lunch" wa Company (1970), ambamo mwanamke aliyelewa anawasuta matajiri wenzake, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Ghafla sifa za wanaume zinapata jibu! Tukio hilo halimo katika tamthilia yoyote, limezaliwa katika albamu. Ni mipasho kabisa. Vilevile "Putting It Together": Sondheim alikubali kuandika maneno upya, na wimbo wa msanii katika Sunday in the Park with George (1984) ukawa wa mwimbaji anayebishana na wakubwa wa kampuni ya rekodi. Sauti zao za mashaka zinasikika humohumo.

"Somewhere" namsamehe. Hata katika West Side Story ya jukwaani (1957) uliimbwa na msichana asiyeonekana, ndani ya ndoto. Haukuwa na mwenyewe tangu mwanzo.

Basi nilikwisha kuamua kwamba wimbo wa Tobias ndio ulioharibika. Jioni nikamsimulia shangazi habari za Bi Lovett na pai zake. Akaacha chakula, akasema, "Hebu urudishe." Wimbo ni uleule, na upole wake uleule nilioulaumu. Akausikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Maskini mtoto wa watu."

Tangu hapo sina hakika kama kosa lilikuwa la Streisand, au langu mimi niliyeanza kumpigia kabla ya kumsimulia.