Tabibu Aliyeonja Kabla ya Kuandika

Ukitaka kuona jinsi tabibu Mchina Li Shizhen alivyofanya kazi, anza na maelezo yake ya datura, mmea ule wa maua meupe yenye umbo la tarumbeta. Watu walisimulia kwamba ua hilo likichumwa na mtu anayecheka, kisha likatiwa kwenye pombe, mnywaji naye atacheka. Likichumwa na mtu anayecheza, mnywaji atacheza. Li alijaribu. Aligundua kuwa sharti mnywaji awe amelewa nusu, na awepo mtu wa kucheka au kucheza mbele yake, ndipo naye afuate. Jinsi ua lilivyochumwa si kitu. Papo hapo anaeleza matumizi ya maana: ua hilo likisagwa pamoja na maua ya bangi na kunyweshwa kwa pombe ya moto, mgonjwa hupoteza fahamu kama mlevi, asihisi uchungu wa kupasuliwa jipu.

Li alikuwa mtoto wa tabibu, mzaliwa wa Qizhou, katika jimbo la Hubei, mwaka 1518. Alifanya mtihani wa jimbo wa kuingia utumishi wa dola mara tatu, akashindwa mara zote, akashika kazi ya baba yake. Kilichomkera ni vitabu vya dawa vya wakati wake: mimea miwili imepewa jina moja, mmea mmoja umeandikwa mara mbili, na mgonjwa ndiye anayelipia kosa hilo. Mwaka 1552 akaanza kuandika kitabu chake cha dawa, Bencao Gangmu. Alimaliza 1578, baada ya kukiandika upya mara tatu. Kina dawa 1,892, kati yazo 374 alizoongeza yeye, na maagizo ya tiba zaidi ya 11,000.

Lakini ninachokienzi zaidi ni mpangilio wake. Kila dawa ina majina yake yote na asili ya majina hayo, umbo lake na mahali inapopatikana, namna ya kuitayarisha, ladha na tabia yake, maradhi inayoyatibu, na pale inapobidi, sehemu ya kusahihisha makosa ya waliotangulia. Wale wa kale wanasema kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine, hata wanapopingana. Li huzungumza mwishoni, naye kwa jina lake, na msomaji anajua wazi neno lipi ni la nani. Kwa mtu aliyesoma mamia ya vitabu, huo ni uungwana mkubwa.

Na kama kwa datura, alitaka kujionea mwenyewe. Ilisemwa kuwa kakakuona hula siafu na sisimizi. Li akampasua mmoja tumboni, akawapima waliokuwamo: karibu kibaba kizima. Kuhusu zebaki alikuwa mkali. Waandishi wa zamani waliisifu kuwa huleta uhai usiokoma, na wakubwa waliiamini. Yeye akaandika bila kumung'unya maneno kwamba kwa karne nyingi wapenda maisha marefu walioila walilemaa na kufa. Si kila alichokiandika kilikuwa sahihi. Kitabu kina tiba nyingi ambazo leo hakuna daktari angezigusa.

Chini ya qinghao, jamaa ya pakanga yetu, amenakili agizo fupi la kutibu homa ya vipindi: konzi moja ya mmea huo, maji, kisha kamua unywe. Mbele ya agizo ameweka kitabu alikolitoa, cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4. Mtafiti Tu Youyou, akitafuta dawa ya malaria, alipokirudia kitabu hicho cha Ge Hong, aliona kuwa mmea haukuchemshwa. Akaacha joto kali, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto karibu 35. Oktoba 1971, kiini alichokipata kiliangamiza vimelea vyote vya malaria kwenye panya wa maabara. Hiyo ndiyo asili ya artemisinin, iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na ndiyo msingi wa vidonge vya dawa mseto tunavyopewa zahanati zetu zinapothibitisha malaria.

Li mwenyewe alifariki 1593. Miaka mitatu baadaye, mwanawe Li Jianyuan akaufikishia ufalme kitabu cha baba yake, kilichokwisha kupigwa chapa Nanjing.