Msingi Ukaguliwe Kabla ya Kufukiwa

Ukuta ukipinda, kila mpita njia anauona. Msingi mbovu hujitangaza watu wakishahamia, nyufa zinapopanda kutoka sakafuni hadi madirishani, na tiba yake huwa ghali kuliko msingi wenyewe. Mwaka 2021 fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 nchini, na usimamizi mwingi ulikuwa mikononi mwa kamati za shule. Mjumbe wa kamati Tarime au Serengeti, kama ilivyo kwa mtu anayejenga nyumba yake, si lazima awe fundi. Lazima ajue cha kukagua, na akikague kingali wazi.

Udongo. Kwenye miinuko ya Tarime, yenye udongo mwekundu na miamba ya granaiti, mara nyingi mtaro hufika mapema kwenye ardhi ngumu. Ukiteremka mabondeni, au ukivuka Mto Mara kuingia Serengeti, utakutana na udongo mweusi wa mbuga. Huo huvimba wakati wa masika na kupasuka kiangazi, na jengo jepesi lililokaa juu yake hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Fundi mwenye kina kimoja kwa viwanja vyote hajaisoma ardhi. Fundi mzuri huchimba kwanza shimo la majaribio, kisha hushusha mtaro hadi udongo mweusi uishe. Usipoisha, humwita mhandisi badala ya kubahatisha.

Mtaro. Kuta zake zisimame wima, na sakafu yake iwe tambarare, ngumu na isiyo na udongo uliolegea. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi tope liondolewe kabla ya zege la chini kumwagwa. Pembe zipime mwenyewe kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya ncha hizo mbili zipatikane mita 5 kamili.

Mawe na mchanga. Gonganisha mawe mawili: jiwe zima hulia kwa sauti kali, lililooza hutoa mlio mzito na kumeguka. Mawe yalazwe kwa upande wake mpana, maungio yapishane, na udongo wa saruji ujaze kila pengo. Mchanga uutie kwenye chupa ya maji, utikise, uache utulie. Tabaka nene la tope juu yake linatosha kuukataa.

Kifusi. Hapa ndipo sakafu nyingi huharibikia, maana ni rahisi kurudisha ndani udongo uleule uliochimbwa. Dai moramu, imwagwe kwa tabaka za sentimita 15, inyunyiziwe maji na kushindiliwa kila tabaka. Chomeka nondo ya milimita 12 kwa mkono. Ikizama bila shida, kazi irudiwe. Juu ya mawe ya kujazia na mchanga wa kusawazishia itandikwe nailoni nzima isiyotoboka, vipande vyake vikipandana.

Jamvi. Kwa jengo dogo, sentimita 10 za zege hutosha: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Vipimo viwe vya ndoo au kisanduku, kwa sababu chepe la mtu mmoja halilingani na la mwenzake. Vichanganywe vikavu hadi rangi iwe moja, ndipo maji yaingie, takriban lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, na pungufu mchanga ukiwa mbichi. Zege linalotiririka kama uji huwafurahisha wasaidizi kwa sababu halichoshi kusambaza, lakini maji ya ziada yakikauka huacha matundu, na nguvu hupotea. Zege lililokorogwa limwagwe ndani ya saa moja. Lililoanza kuganda lisifufuliwe kwa maji.

Siku zinazofuata. Saruji hukomaa kwa unyevu. Jamvi likishaganda lifunikwe kwa magunia au mchanga na kumwagiliwa kwa siku 7 angalau, hata kama maji yanatekwa mbali. Nguvu yake hupimwa siku ya 28. Sugua kiganja juu yake: vumbi jingi maana yake ni uso dhaifu.

Kwa hiyo malipo yafuate ukaguzi. Mtaro, mawe, kifusi na nailoni vikaguliwe kimoja kimoja, na hatua inayofuata isianze kabla mjumbe hajasaini. Fundi anayejiamini hatachukizwa na utaratibu huo, kwa kuwa ndio utakaothibitisha kazi yake.