Geji Tatu za Nguzoni: Zinakwambia Nini Ukipanda Marangu?

Panda gari la kijana anayelipenda gari lake hapa Moshi, iwe Altezza au Noah ya abiria, na huenda ukakuta geji tatu za duara zimepangwa kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Kila moja ina upana wa milimita 52, usiku zinawaka bluu au nyekundu. Moja ya presha ya tabo, moja ya joto la maji, moja ya presha ya oili. Zinapendeza, hilo halina ubishi. Lakini geji ni chombo cha kupimia, na chombo cha kupimia tunakihukumu kwa swali moja: je, kinakuonyesha jambo ambalo usingelijua bila hicho, tena kabla mambo hayajaharibika?

Tuzihukumu hizi tatu kwa swali hilo, na uwanja wetu wa majaribio uwe barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu.

Kwanza tujue mlima unafanya nini. Moshi mjini tuko takriban mita 850 juu ya usawa wa bahari. Geti la Marangu liko juu ya mita 1,800. Kadiri unavyopanda, hewa iliyo juu yako inapungua, na presha yake inashuka: Dar es Salaam ni kama bar 1.01, Moshi 0.91, getini 0.81. Zishike namba hizo tatu, tutazihitaji.

Sasa geji ya tabo, ambayo ndiyo kipenzi cha wengi. Geji hii haipimi presha halisi ya hewa inayoingia kwenye injini. Inapima tofauti kati ya presha hiyo na presha ya hewa ya nje. Chukua injini isiyo na tabo, kama 3S-FE ya petroli iliyomo kwenye Noah nyingi za zamani. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, geji inasoma karibu na sifuri. Dar sifuri, Moshi sifuri, Marangu sifuri. Ila kati ya Moshi na getini injini imeshapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya hewa yake, na nguvu nayo imepungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Yaani kile hasa ambacho mlima unakunyang'anya, geji hii haikioni kabisa.

Upande wa chini ya sifuri ni mbaya zaidi, kwa sababu unapotosha. Injini nzima ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta inaweza kusoma mvuto wa inchi 20 za zebaki ukiwa Dar. Injini ileile, bila ugonjwa wowote, itasoma kama 17 Moshi na kama 14 getini. Geji nyingi zimechorwa eneo la "salama" kwa kufuata usawa wa bahari, kwa hiyo getini mshale unakaa nje ya eneo hilo. Fundi asiyejua fizikia hii anaweza kukwambia valvu zimechoka, ukafungua injini bure.

Kwa mwenye tabo kweli, geji hii ina kazi: presha ikishuka ghafla, utajua mpira wa hewa umechomoka au umepasuka. Kwa asiye na tabo, ni taa ya urembo.

Geji ya joto la maji ni kesi tofauti. "Si gari lina mshale wake tayari?" Unao, lakini kwenye magari mengi tangu miaka ya 1990 mshale huo umetengenezwa makusudi utulie katikati, hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Watengenezaji hawakutaka dereva ashtuke kila akipanda kilima. Matokeo yake, mshale unapoanza kuondoka katikati, muda wako wa kufanya uamuzi umebaki mfupi sana. Hedi ya alumini ikipata joto la kupita kiasi inapinda, gasketi inakwenda, na abiria wanashushwa njiani. Geji yenye namba inakuonyesha 92, 97, 103, nawe unapunguza mwendo mapema. Hapa pesa yako imenunua taarifa.

Hata hivyo, geji hii nayo inajua nusu tu ya habari. Maji wazi yanachemka nyuzi 97 hivi Moshi, na 94 hivi getini. Injini nyingi hufanya kazi kwenye joto la aina hiyohiyo, kati ya 85 na 95. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta, kinachoongeza presha ya karibu bar 0.9 juu ya ile ya nje na kusukuma kiwango cha kuchemka mpaka zaidi ya nyuzi 110. Kifuniko kikichoka, gari linaweza kuchemsha pale getini huku geji ikisoma 95, namba ambayo kila mtu angeiita nzuri. Na maji yakishuka mpaka sensa ikabaki kwenye mvuke, namba inaweza hata kushuka. Kwa hiyo kabla hujanunua geji, badilisha kifuniko kilichochoka. Ni bei ndogo kuliko geji.

Ya tatu, presha ya oili, ni nzuri ikiwa ya sensa ya umeme. Zile zinazoleta oili yenyewe mpaka ndani kwa mrija wa plastiki, achana nazo: mrija ukipasuka, oili ya moto inamwagikia miguu ya dereva.

Wapo wanaosema chomeka kifaa cha bluetooth, usome kila kitu kwenye simu. Wazo zuri, ila magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana soketi inayofanana huku yakitumia lugha nyingine. Jaribu kabla ya kulipa.

Na hiyo nguzo yenyewe? Magari mengine yana eabegi ya pembeni iliyopita ndani yake. Geji iliyofungwa juu yake inaweza kuizuia, au kurushwa usoni kwako. Fungia kwenye dashibodi, mahali pasipoziba barabara, na waya wa umeme uwe na fyuzi yake.

Hukumu yangu basi: nunua moja, ya joto, yenye namba na kengele. Kengele ni muhimu kwa sababu kwenye kona za kupanda Marangu macho yako yanatakiwa yawe barabarani. Na siku ikilia, paki pembeni, zima injini, usubiri. Maji ya nyuzi 105 yaliyofungiwa yametulia. Ukifungua kifuniko mahali yanapochemka kwa 94, yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Hilo hakuna geji itakayokuonyesha.