Ushuhuda Usio na Jina: Juu ya "Stories of Our Lives"

Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alipopiga chapa hadithi za Unguja mwaka 1870, aliweka Kiswahili cha wasimulizi mkabala wa Kiingereza chake, ili asomaye apate kuipima tafsiri kwa maneno yenyewe. Kwa kipimo hicho tumeitazama picha ya sinema iitwayo "Stories of Our Lives", kazi ya kundi la The Nest Collective la Nairobi.

Kundi hilo lilianza mwaka 2013 kukusanya masimulizi ya Wakenya wapendao watu wa jinsia yao, pamoja na wale ambao nafsi zao hazipatani na jinsia waliyohesabiwa walipozaliwa. Wapo miongoni mwetu watakaosema kwamba habari kama hizo hazifai kukusanywa. Walakini sisi walimu tumeandika maneno ya unyago, ya uganga na ya pepo, wala hakuna aliyetuuliza kama twayafuata. Jambo likiisha kusemwa na watu wa nchi, ni la nchi. Nalo lisipoandikwa, watakaokuja watasema halikuwapo kamwe.

Majina ya wasimulizi yamefichwa, na hapo hatuwalaumu wakusanyaji hata kidogo. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya chataja kifungo cha miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukitangua tarehe 24 Mei 2019. Hata watengenezaji wenyewe walificha majina yao mpaka picha ilipoonyeshwa Toronto, Septemba 2014. Na mwezi uliofuata bodi ya serikali ikaipiga marufuku Kenya.

Lawama yetu ni nyingine. Masimulizi yaliyokusanywa yalikuwa mengi. Katika picha twapata visa vitano tu, tena vimetungwa upya na Jim Chuchu na Njoki Ngumi, na kuigizwa na watu wengine. Utunzi ni mzuri. Kisa cha "Athman" chatushika zaidi ya vyote: Ray na Athman ni vibarua wa shamba moja, marafiki wa miaka mingi, na Ray aumia moyo kumwona mwenzake akichezacheza na Fiona, mgeni aliyefika juzi. Hapana mahubiri ndani yake. Lakini ni neno gani alilolisema msimulizi, na ni lipi alilolitia mtunzi? Hatuna pa kupimia. Jina laweza kufichwa bila kuificha lugha: mahali aliponyamaza mtu, neno alilolikwepa, utani alioutumia badala ya neno lile. Hayo ndiyo ushuhuda, nayo hayamtambulishi mtu kwa polisi.

Kinyume chake ni kitabu "Tommy Boys, Lesbian Men and Ancestral Wives", kilichohaririwa na Ruth Morgan na Saskia Wieringa na kupigwa chapa Johannesburg mwaka 2005. Humo wanawake wa nchi kadhaa, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwamo, walifundishwa kuhoji, kisha wakawahoji wanawake wenzao wa jamii zao. Ni kitabu kizito, na mahali pengine chachosha. Hata hivyo aliyehojiwa hajaondolewa asimame mwigizaji mahali pake. Hicho nacho kimeandikwa Kiingereza, na upande wa pili wa ukurasa, ule wa Steere, hauonekani.

Katika picha, kisa cha mwisho kimechukua masimulizi ya Wakikuyu juu ya mugumo, kwamba auzungukaye mti huo mara saba hugeuka, mume akawa mke na mke akawa mume. Hapo tulikaa wima. Wazee wanaoijua habari hiyo wangali hai, nao huisimulia kwa njia mbalimbali, wengine wakicheka, wengine wakiwatishia watoto. Katika sinema yapita kama pambo: hatuambiwi ni nani aliyeisimulia, wala ni wa upande gani wa nchi. Kwa habari ya mti hapakuwa na haja ya kuficha jina la mtu.