Maudhui Hukaa Wapi?

Tumezoea kufundisha kwamba maudhui ya wimbo hukaa katika maneno yake. Santuri iitwayo Otherness (1995) yaitia shaka kanuni hiyo. Humo Mark Clifford, wa kundi la Seefeel, alizifinyanga upya kwa mitambo ya elektroniki nyimbo nne za Cocteau Twins, kundi la Uskoti. Tangu awali maneno ya mwimbaji wao, Elizabeth Fraser, yalikuwa magumu kushikika. Clifford akavirudiarudia vipande vya sauti yake hata ikawa kama ala. Wimbo wa Cherry-Coloured Funk, uliotoka mwaka 1990, wapoteza mwendo wake, na hiyo ni hasara. Lakini hisia zake zabaki. Basi sauti nayo hubeba maudhui. Mwalimu afundishaye shairi bila kulighani na alizingatie hilo.