Umiliki wa Jina la Jarida na Upungufu wa Hoja ya Bei: Uhakiki wa Kisa cha Lingua na Glossa

Katika mijadala kuhusu ufikiaji huria wa maarifa, hoja iliyozoeleka ni kwamba nguvu ya wachapishaji wakubwa wa majarida ya kitaaluma imo katika bei. Kwa mujibu wa hoja hiyo, msomaji akipewa makala bure, nguvu hiyo itakwisha. Kisa cha jarida la isimu la Lingua kinaonesha kwamba hoja hiyo haijitoshelezi.

Lingua lilianzishwa mwaka 1949 na baadaye likawa mali ya kampuni ya Elsevier. Mwaka 2015, wahariri wake sita na wajumbe wote 31 wa bodi ya uhariri walijiuzulu baada ya kampuni kukataa madai yao, yakiwamo ufikiaji huria kwa ada nafuu na umiliki wa jina la jarida. Wahariri hao wakaanzisha Glossa, jarida linalosomwa bure. Walioondoka ndio waliokuwa wakisimamia uteuzi na tathmini ya makala. Kampuni ilibaki na jina pamoja na matoleo ya nyuma. Hata hivyo, Lingua liliendelea kuchapishwa chini ya wahariri wapya. Hivyo basi, kilichokuwa kikiuzwa hakikuwa kazi ya wahariri peke yake. Jina nalo lilikuwa bidhaa.

Hali hiyo inatokana na muundo wa soko lenyewe. Muuza mahindi akipandisha bei, mnunuzi huhamia kwa jirani yake. Mtafiti anayehitaji makala fulani hawezi kutoshelezwa na nyingine. Aidha, anayechagua jarida ni mtafiti, ilhali anayelipa ni maktaba. Larivière na wenzake (2015) walibaini kwamba wachapishaji watano wakubwa walitoa zaidi ya nusu ya makala zote za mwaka 2013. Katika sayansi za jamii kiwango kilikuwa asilimia 70. Katika fani za insia, asilimia 20 tu.

Ni kweli kwamba uhariri na uhifadhi wa makala vina gharama. Lakini jarida la Nature lilipotangaza ada ya euro 9,500 kwa makala huria kuanzia mwaka 2021, ni vigumu kuiona ada hiyo kuwa malipo ya kusanifu kurasa. Hiyo ni bei ya jina. Mlango uliofunguliwa kwa msomaji umefungwa kwa mwandishi asiye na ufadhili.

Kwa taaluma za Kiswahili, kisa hiki kina uzito wa pekee. Majarida ya Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha yamo mikononi mwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Swahili Forum, lililoanza Ujerumani mwaka 1994, husomwa bure mtandaoni. Jambo ambalo wahariri wa Lingua walilidai wakanyimwa, wanazuoni wa Kiswahili tayari wanalo. Hatari iliyopo ni ya ndani: kamati ya kupandisha vyeo inapompa mhadhiri alama kwa umaarufu wa mchapishaji bila kuisoma makala yake, wanazuoni wenyewe humkabidhi mchapishaji nguvu ambayo hakuinunua. Ufikiaji huria usioambatana na mabadiliko ya vigezo vya tathmini utabadilisha mlipaji tu. Mpokeaji atabaki yuleyule.